Damu ya Kitovu

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, sogea karibu nikwambie kwa ufupi. Ninyi wengine mlionisoma juma lililopita na kunitukana sokoni, rukeni mistari michache. Matusi yenu yalinifikia.

Naitwa Asma, wa hapa hapa Kasongo. Bwana yangu ni Iliasi, yule motari aliyekuwa akipakia watu na magunia kwa pikipiki hadi Salamabila kwenye dhahabu. Lusangi wanamjua, Kabambare wanamjua. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka kidogo kidogo, kisha miguu ikaanza kugoma. Yeye anataka kwenda, miguu inakataa, anabaki amesimama mlangoni mpaka nimshike.

Dokta wa Bukavu alitupa jina la ugonjwa: Parkinson. Alisema ndani ya ubongo kuna chembe zinazouwezesha mwili kutembea, na za Iliasi zinakufa. Akampa vidonge, navyo vilisaidia. Mimi, kwa tamaa ya kumwona bwana yangu juu ya pikipiki tena, nikauliza kama hakuna njia ya kurudisha chembe zilizokufa. Dokta akanijibu bila kunificha. Nchi za mbali wanajaribu kupanda chembe mpya kichwani. Zinatokana na chembe-shina, yaani chembe changa ambazo bado hazijawa kitu na zinaweza kufundishwa kuwa kitu.

"Lakini ni majaribio, mama," akasema. "Wagonjwa wachache, hospitali chache sana. Hakuna wa kukuuzia."

Nusu ya kwanza niliisikia vizuri. Nusu ya pili niliiacha Bukavu.

Ndipo akatokea Ruphin, mwenye kabineti, kijizahanati chake mwenyewe kule Salamabila, anayewadunga wachimbaji sindano za kiuno. Akaniambia chembe-shina hazihitaji ndege. Ziko katika damu ya kitovu cha mtoto anapozaliwa, na yeye anajua kuzipanda. Akataka pikipiki ya Iliasi iwe malipo, nikampa. Mdogo wangu Chadia alikuwa karibu kuzaa. Nikamwomba damu ya kitovu cha mwanawe, akakubali. Akajifungua salama mtoto wa kike, nikaletewa chupa imefungwa kitambaa, nami nikaifikisha kwa Ruphin kwa mikono yangu.

Hapo ndipo nilipowaachia. Sasa sikilizeni, na mkitaka kunitukana tena, ngojeni kwanza nimalize.

*

Ruphin alikuja nyumbani asubuhi, amevaa koti jeupe, juu ya pikipiki yetu. Nilipousikia ule mlio, moyo uliniuma. Nikajiambia, Asma, acha ujinga, pikipiki ni chuma tu.

Iliasi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Uso wake siku hizi hausogei. Akifurahi, uso ni ule ule. Akikasirika, ni ule ule. Inabidi umtazame machoni.

"Mama Asma," Ruphin akaniuliza, "vidonge aliacha?"

"Tangu juzi, vile ulisema."

"Vyote?"

"Vyote. Nilivitupa chooni mimi mwenyewe."

"Muzuri. Vidonge vinaunguza mbegu. Shamba lazima liwe safi."

Iliasi akafungua mdomo. Sauti yake imekuwa ndogo, lazima uiname ndiyo uisikie. "Asma, tungeweka hata vichache. Kama hii dawa itakataa..."

"Usianze," nikamkatiza. "Wewe kila kitu unatangulia kukiombea mabaya."

Hilo nilimwambia. Nayaandika haya ili mjue nilivyokuwa. Mwenye mwili alikuwa anaogopa, na mimi mwenye miguu mizima nikamfunga mdomo.

Ruphin aliingia na chupa katika chumba cha mizigo, akafunga mlango. Nilitaka kuchungulia, akanifukuza. Alisema chembe zinaogopa mwanga. Tulisikia kijimashine kikivuma, kisha kikanyamaza. Akatoka na bomba la sindano lenye maji mekundu-mekundu, mepesi, kama juisi iliyotiwa maji mengi. Akamdunga mshipani pole pole, huku akipiga mluzi.

"Hii ni ya kwanza. Ya pili itaingia kwenye uti wa mugongo, kesho kutwa. Sasa, baba, simama."

Iliasi akasimama.

"Tembea."

Nikaenda kumshika kama kawaida. Ruphin akaninyooshea kidole. "Mwache!"

Jamani, alitembea! Alivuka chumba, akafika mlangoni, pale pale miguu inapogomaga kila siku, akapita. Akashuka kibarazani. Akafika barabarani, mikono ikitetemeka lakini miguu ikienda. Mimi nyuma yake nilikuwa nalia na kupiga vigelegele kwa mpigo, sijui sauti ilikuwa ya namna gani. Majirani wakatoka. Wamotari waliokuwa wakipita wakasimama wakapiga honi. Souleymane, prezida wao, akaruka chini akamkumbatia.

"Mukubwa! Umerudi?"

"Nimerudi," Iliasi akasema, na macho yake yalikuwa yanacheka.

Ile furaha sitaisahau. Hata sasa, pamoja na yote yaliyofuata, siwezi kuikana.

*

Furaha ndiyo ilinifungua mdomo.

Wifi yangu Subira, dada mkubwa wa Iliasi, anakaa nasi tangu afiwe na bwana yake. Ni mtu wa dini, na haamini dawa asiyojua ilikotoka. Kwa hiyo habari ya kitovu nilikuwa nimemficha. Mchana ule tukichambua mchele uani, yeye akimshukuru Mungu, mimi nikapayuka.

"Wifi, kumbe ni kitoto kile kimemuponya mujomba... eh, nani, bwana ya mama yake mukubwa!"

"Kitoto gani?"

"Cha Chadia. Ile dawa ni damu ya kitovu chake."

Subira akaweka ungo chini.

"Rudia."

Nikarudia. Alijifunga upya leso ya kichwani, hata nikaanza kuona haya.

"Asma, mutoto akiwa tumboni anakula kupitia wapi?"

"Kitovuni."

"Anakula chakula cha nani?"

"Cha mama yake."

"Mbele hajafikia ziwa la mama, kitovu ndiyo ziwa lake. Ama nadanganya?"

"Haudanganye, wifi."

"Basi leo Iliasi amekunywa kwa Chadia!" Akasimama, mchele ukamwagika. "Amekunywa mbele ya ziwa! Amekuwa mutoto wa Chadia! Na wewe, Asma, wewe ni nani wa Chadia?"

"Yaya yake, dada yake mukubwa."

"Yaya ya mama yake! Mama yake mukubwa! Unalala na mutoto wa mudogo yako! Astaghfirullah!"

Nilicheka. Nani asingecheka? Lakini mnaotujua sisi Waislamu wa Kasongo mnajua kuwa jambo la ziwa si la kuchekea. Walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani hata mbingu ianguke. Hapa mjini kuna ndoa zilizovunjwa kwa sababu bibi mmoja alikumbuka alimnyonyesha mtoto wa jirani.

"Wifi," nikasema, "Iliasi iko na ndevu. Iko na mvi. Sheria ya ziwa ni ya watoto wachanga."

"Ndevu hazifuti haramu."

"Na haikuwa maziwa, ilikuwa damu."

"Unajua wewe? Umesoma wapi? Shehe Abdallah atasema. Iko Nyangwe kwenye matanga, kesho atarudi. Mpaka hapo, hautaingia mule chumbani."

Kelele zilileta majirani, na majirani walileta akili zao. Mmoja akasema Subira ana haki. Mwingine akasema hapana, lakini ni afadhali kungoja. Baada ya muda nusu ya mtaa ilikuwa uani kwangu inahukumu kitanda changu.

Tukaenda kumwambia Iliasi. Akasikiliza mpaka mwisho, uso wake umetulia tu. Kisha akanitazama.

"Mama mukubwa," akasema kwa ile sauti yake ndogo, "niletee chai."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Subira hakucheka hata kidogo. Alinitolea mkeka na blanketi akavibwaga jikoni.

Nilikubali. Mtauliza, wewe Asma mwenye mdomo mrefu, ulikubali vipi? Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimemficha, na nilikuwa na haya. Na kwa sababu bwana yangu alikuwa ametembea, nikaona siku moja ya ujinga wa wifi si kitu.

Lakini sikumwonyesha Subira namna ya kumlaza. Sikumwambia kuwa mate yakianza kumtoka upande mmoja ni alama ya hatari. Sikumwambia ageuzwe ubavu, wala kwamba akikohoa kwa chai, chai isimamishwe. Nililala jikoni nikipanga namna tutakavyoirudisha pikipiki.

*

Alfajiri Subira aliniita. Haramu yote ilikuwa imemtoka.

"Asma! Asma weee! Njoo haraka!"

Iliasi alikuwa chali, amekauka. Sisemi ametulia, nasema amekauka. Shingo haikugeuka, magoti hayakukunjika, meno yameumana. Chai ya jana ilikuwa imemkaukia kidevuni. Nilimgusa kifuani nikatoa mkono, alikuwa anawaka. Macho tu ndiyo yalikuwa yanasogea, na yalielekea moja kwa moja kwangu.

"Toka lini iko hivi?"

"Jioni alianza kukaza," Subira akasema. "Nilizani ni usingizi. Nilizani ni dawa inafanya kazi. Asma, ni haramu ile, ni Mungu ametupiga..."

"Mungu wacha kwanza! Tuma mutu kwa Mado!"

Mado ni muuguzi wa kituo cha afya cha jirani, mwanamke wa maneno machache. Alifika anakimbia, kitambaa cha kichwa mkononi. Akampima joto, akamkunja mkono ukagoma kukunjika, akanigeukia.

"Vidonge vyake viko wapi?"

Nikainamia blanketi la Iliasi nikalinyoosha.

"Asma, vidonge vya Bukavu viko wapi?"

"Chooni," nikasema. "Nilivitupa. Ruphin alisema viache."

Mado akajishika kichwa. "Mama yangu! Vile vidonge havikatwe kwa siku moja! Mutu akivikata hivi anaweza kukauka, joto linapanda, na anakufa. Anakufa, unasikia?"

Nilisikia. Safari hii nilisikia nusu zote mbili.

"Lakini joto linaweza kuwa pia la kile walimudunga," akaendelea. "Alimudunga nini?"

"Chembe-shina," sauti ikajibu mlangoni.

Alikuwa Ruphin. Mtu alikuwa amemwita kutoka alikopanga. Alimwangalia Iliasi, akarudi hatua moja nyuma. Kisha akatabasamu.

"Musiogope. Ni mwili unapigana na mbegu. Nimeona hii mara nyingi. Tumupe ile ya mugongo sasa hivi, asingoje kesho. Mugeuzeni."

"Hakuna wa kumugeuza," Mado akasema. "Utamutia sindano kwenye uti wa mugongo hapa, juu ya godoro?"

"Wewe ni muuguzi, mimi ni dokta."

"Dokta wa wapi?"

"Anayepoteza wakati anapoteza mutu!" Ruphin akapaza sauti, tayari anafungua mkoba. "Mama Asma, wewe ndiye bibi yake. Sema!"

Wote wakanigeukia. Subira, ambaye jana alisema mimi siyo bibi yake, akawa wa kwanza kunishika mkono. "Sema, wifi. Sema mupesi."

Mado alikuwa na maneno, Ruphin alikuwa na sindano, na jana kwa macho yangu nilikuwa nimemwona Iliasi akitembea. Nikapiga magoti kitandani, nikaweka uso wangu juu ya uso wake.

"Iliasi. Nisikilize. Kama unakataa sindano ya pili, funga macho."

Akayafunga. Akayafunga kwa nguvu mpaka machozi yakatoka pembeni, na hakuyafungua mpaka niliposema nimeelewa.

Nikasimama katikati ya kitanda na Ruphin.

"Amekataa."

"Mugonjwa hajui kitu!"

"Amekataa. Upite juu yangu."

Nje pikipiki zilikuwa zinaingia, moja baada ya nyingine. Ni Souleymane na wamotari wenzake. Walikuja kumsalimu mkubwa wao aliyetembea jana, wakakuta wanawake wanalia. Nikasikia Souleymane akiuliza, nikasikia mtu akimjibu, kisha nikasikia mnyororo wa pikipiki ukilia. Ule mlio sikuupenda.

*

Ndipo Chadia akaingia.

Mnielewe. Chadia alikuwa mzazi wa siku chache. Kwetu mzazi hatoki nje kabla ya arobaini yake, hata nyumba ya jirani ikiungua. Yeye alikuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa mji, mtoto mgongoni, leso imemlegea, miguu imejaa vumbi. Wanawake walipomwona wakapiga kelele.

"Yaya," akaniambia, anahema. "Nimesikia. Wasimudunge tena. Yaya, njoo."

Akanivuta nyuma ya jiko. Nilidhani mtoto amepatwa na kitu. Nikamshusha mtoto mgongoni nikamtazama, mzima, amelala.

"Ni nini? Sema!"

"Yaya, utaniua."

"Chadia, bwana yangu anakufa mule ndani. Sema!"

"Sikukupa damu ya mutoto."

Sikuelewa. Akanishika mikono yote miwili.

"Niliogopa, yaya. Kitovu ni cha mutoto. Damu ya mutoto ikiingia kwa mugonjwa, ugonjwa utafuata njia ile ile utarudi kwa mutoto. Wamama wote wa nyumbani walinionya. Zalio, ile kondo ya nyuma, tulizika nyumbani kwa bwana yangu na damu yake yote. Hakuna kitu kilitoka."

"Ungesema hapana!"

"Kwako? Wewe nani alishawahi kukuambia hapana? Ulikuwa unalia, umepiga magoti kwangu, yaya yangu mimi! Ningesema hapana namna gani?"

Hilo lilinipata mahali pake. Lakini sikuwa na nafasi ya kuumia.

"Ile chupa," nikasema. "Ilikuwa imejaa damu. Ilikuwa ya nani?"

Chadia akajifunika uso kwa leso.

"Siku ile walinichinjia kuku," akasema. "Kuku wa supu ya muzazi."

Nyuma yangu mtu alivuta pumzi. Ni Subira, alikuwa ametufuata, na Mado nyuma yake.

"Alhamdulillahi!" Subira akasema. "Basi si mutoto wa Chadia! Ndoa iko salama! Basi..." Akasita. Nilimwona akifika polepole pale nilipokuwa nimeshafika mimi.

"Maliza, wifi," nikamwambia, na nilikuwa nalia. "Sasa mama yake ni nani? Kuku?"

Hakuna aliyecheka. Mado alikuja mbele, uso umebadilika.

"Asma, kama ile damu iliingia kweli katika mushipa wake, hii joto ni ya damu. Mwili wake unaipasua ile damu, figo zitafungwa. Inatakiwa kutibiwa hivyo, na sasa hivi. Kama haikuingia, kama alimudunga vitamini nyekundu vile wadanganyifu wanafanyaka, basi jana alitembezwa na tumaini tu, hii joto ni ya kukatwa kwa vidonge, na dawa yake ni nyingine. Hospitali tutaenda. Lakini daktari ataniuliza ni nini iliingia. Nikimudanganya, atatibu ugonjwa ambao hauko, na ule wa kweli utamumaliza."

"Wewe unaona je?"

"Mutu wa kazi angetazama ile damu kwa hadubini angejua pale pale haiko ya mutu. Yeye hakujua. Kwa hiyo ni mujinga, alidunga bila kuangalia. Ama ni mwizi, aliimwaga. Mimi siwezi kujua. Yeye peke yake anajua."

Mujinga ama mwizi. Nilielewa. Kama Ruphin ni mtu wa kweli aliyefanya alichoahidi, bwana yangu ana damu ya kuku mwilini. Kama Ruphin alinicheza, akachukua pikipiki yangu, akamwaga damu nyuma ya nyumba na kunidungia maji ya rangi, basi Iliasi anaweza kupona. Mimi niliyegombana na kila aliyemshuku yule mtu, nilirudi ndani nikimwomba Mungu kwa moyo wangu wote amfanye mwizi.

*

Walikuwa wamemtoa Ruphin uani. Souleymane alikuwa amesimama mbele yake, amejizungushia mnyororo wa pikipiki mkononi. Wengine walikuwa wamefunga lango. Pikipiki yetu ilikuwa katikati, ufunguo umeshatolewa.

"Mama," Souleymane akaniambia, "tunasikia huyu alimutia mukubwa sumu. Sema neno moja tu."

"Fungua lango," nikamwambia. "Chukua watu wako mutoke. Nataka kuongea naye mimi na yeye."

"Hatutoke."

"Souleymane, nakuomba."

"Mukubwa anakufa, mama. Kama huyu ni mwizi, hatoke hapa na miguu yake. Kama ni dokta wa kweli, atasema mbele ya watu wote."

Wakasema sawa, wote kwa pamoja. Nikamgeukia Ruphin. Koti jeupe lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Nilimsogelea mpaka nikasikia pumzi yake, nikashusha sauti.

"Ruphin. Ile chupa niliyokupa. Uliimwaga?"

"Mama Asma..."

"Ile sindano ilikuwa vitamini tu? Niambie. Sitakasirika. Walahi sitakasirika."

"Anamuuliza nini?" mtu akapiga kelele. "Aseme kwa nguvu!"

"Anamuuliza kama ni mwizi!" mwingine akajibu.

Watu wakasogea. Nikaanguka magotini mbele yake, mbele ya majirani, mbele ya Subira, mbele ya mdogo wangu na mtoto wake mchanga.

"Sema wewe ni mwizi," nikamwambia. Sikuweza tena kushusha sauti. "Nakusihi, baba. Pikipiki ni yako, ichukue. Nitasimama mbele yako wasikuguse. Sema tu ulinidanganya. Sema hukumutia ile damu!"

Ruphin alinitazama. Kwa kitambo kidogo midomo yake ilisogea, na nilijua, ningeapa, kwamba alikuwa anataka kuniambia kitu. Kisha macho yake yakaondoka kwangu yakaenda kwenye mkono wa Souleymane, kwenye ule mnyororo, yakabaki pale.

"Mimi si mwizi," akasema kwa nguvu, wote wasikie. Akaweka mkono kifuani. "Mbele ya Mungu, damu ya yule mutoto yote niliitia. Hata tone moja sikumwaga."

Souleymane akashusha mnyororo.

"Basi, mama, umesikia," akasema. "Mutu ni wa kweli." Na wamotari wakafungua lango ili wampishe mgonjwa apite.

Walimtoa Iliasi juu ya mlango waliouvunja uwe machela, amekauka hivyo hivyo, macho yake yananitafuta katikati ya watu. Mado akanishika bega akaniinua kutoka chini.

"Asma," akasema. "Hospitalini, nimwambie daktari nini?"